Nilivyokata Roho Mbele ya Mama Mkwe

Siku mama yake Nadira alipokuja kunikagua, alinikuta nikikata roho.

Si mzaha. Nilikuwa nimeketi kitandani katika chumba cha mazoezi cha chuo cha wauguzi pale Thika, shati wazi, mabega yamepanda hadi masikioni, nikivuta pumzi kwa shida kama anayenyonya uji mzito kwa mrija. Midomo yangu ilikuwa ya zambarau. Mbele yangu alisimama msichana niliyempenda kuliko cherehani yangu, na mimi cherehani yangu naipenda sana, akinivisha barakoa ya oksijeni na kuniuliza maswali ambayo nilikatazwa kuyajibu kwa zaidi ya maneno mawili.

"Ilianza lini?"

"Jana... usiku."

"Na dawa unakunywa?"

"Tembe... zimeisha."

Ngoja nieleze kabla hujanihurumia bure. Mimi si mgonjwa na sijawahi kulazwa. Ni fundi wa kushona sare za shule, na duka langu liko Ruiru. Mapema mwaka huo wa 1996 nilipeleka aproni thelathini pale chuoni, nikamkuta mwalimu wao, Sista Nyawira, akigombana na mdoli. Mdoli huyo wa plastiki, wa kufundishia wanafunzi jinsi ya kumsaidia mtu apumue, alikuwa amepasuka kifua. Lakini hata alipokuwa mzima, Sista aliniambia, hakuwahi kumtisha mtu.

"Huyu hatoi jasho," alisema. "Hashiki mtu mkono akilia. Wanafunzi wangu wanapita mtihani na mdoli, halafu wakiingia wadi wanasahau hata jina zao. Mimi nataka mtu mzima aigize, akose pumzi mbele yao, waogope hapa ndio wasiogope huko."

Nikajitapa kwamba shuleni nilikuwa mwigizaji. "Basi njoo Jumatano," akasema. "Chai na mandazi iko."

Nikaja kwa ajili ya mandazi. Nikabaki kwa ajili ya Nadira. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunishika mkono na kuhesabu mapigo. Alihesabu, akatazama saa, akahesabu tena, kisha akaniinamia na kuninong'oneza, "Kwa mtu anaigiza, hii moyo yako iko na haraka sana." Nilimtazama yale macho yake yaliyokuwa yakizuia kicheko, na tangu hapo nikawa mgonjwa wa kweli, ingawa si wa kifua.

Miezi minane nilikata roho kila Jumatano. Mwanzoni niliigiza vibaya, nikikohoa kama mbuzi aliyemeza mfuko, mpaka Nadira akanikalisha kwenye benchi na kunionyesha: mabega yapande hivi, mikono ishike magoti hivi, tundu za pua zifunguke, maneno yatoke mawili mawili. Na mwisho, jambo gumu kuliko yote, nyamaza. Mgonjwa wa pumu akizidiwa sana, kifua huacha kupiga mluzi. Si kwamba amepona. Ni kwamba hewa haipiti tena. Karibu kila mwanafunzi aliyefika kitandani kwangu alinaswa hapo. Nikinyamaza walitabasamu na kusema, "Amepata nafuu!" na Sista Nyawira aliwajibu kwa sauti kavu, "Hongera. Amekufa."

Sasa, Jumapili ya wiki hiyo wazee wangu walikuwa watoke Murera kwenda Majengo, Thika, kumposa Nadira. Mama yake, Mama Ruqayya, alikuwa mjane aliyemlea binti huyo mmoja kwa mkono wake, na alikuwa ametoa sharti moja tu: kabla ya wazee kufika, atamwona huyo fundi kwa macho yake, na fundi asijue anaonwa. Ndiyo maana Jumatano asubuhi alifika dukani kwangu Ruiru akiwa na kikapu, akajifanya mnunuzi. Duka lilikuwa limefungwa. Akamwuliza jirani yangu Gathogo, mtengenezaji saa, niko wapi.

Gathogo ni rafiki wa kweli, na hilo ndilo tatizo. Kila mama anayekuja na kikapu na uso wa kuuliza, yeye humdhania ni mteja ambaye sare za mtoto wake zimechelewa, na hunitetea kwa uongo wowote ulio karibu.

"Mahir? Ai, mama, kwani hukusikia?" akamwambia huku akitikisa kichwa. "Jumatano huyo hupelekwanga Thika kuwekewa oksijeni. Hali si nzuri. Wewe muombee tu."

Mama Ruqayya hakumwombea mtu. Alikuja Thika, moja kwa moja hadi chuoni kwa binti yake.

Alifika mlangoni wakati ule ule Sista Nyawira aliponiinulia kidole, ishara yetu ya kunyamaza. Nikaacha kupiga mluzi. Kichwa kikaning'inia, kifua kikatulia. Wanafunzi waliozunguka kitanda wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Afadhali."

"Hakuna afadhali!" Nadira akapaza sauti. "Amechoka! Kifua imenyamaza! Lete ile mfuko ya hewa, na mtu akimbie aite daktari, sasa hivi!"

Hapo nikasikia kikapu kikianguka sakafuni, na viazi vikibiringika hadi chini ya kitanda.

"Nadira!" sauti ya mama ikalia. "Huyu ndiye? Huyu ndiye uliniambia?"

Nilifanya kosa ambalo maiti hapaswi kufanya. Nilifungua macho, nikavua barakoa, nikaketi vizuri na kusema, "Asalaam aleikum, Mama."

Hakuitikia salamu. Alinitazama midomo kwa muda mrefu, uso wake umepauka, akageuka na kuondoka bila hata kuokota viazi vyake.

*

Alhamisi mchana Nadira alikuja dukani. Hakukaa kwenye stuli yake ya kila siku. Alisimama na mkoba begani.

"Sasa," nikamsalimia.

"Mahir, Jumapili wazee wasikuje."

Niliachilia sketi niliyokuwa naipindisha. "Umemwambia ilikuwa ni mchezo?"

"Nimemwambia jana, nimemwambia leo asubuhi. Hata Sista ameandika barua. Mama anasema hataki kusomewa barua, alichoona ameona."

"Gathogo aende amwombe msamaha."

"Gathogo asikanyage kwetu!" Halafu akanikazia macho. "Na wewe, mbona bado uko zambarau?"

Nikaficha mdomo. Mwanafunzi aliyenipaka Jumatano alikuwa ametumia ile dawa ya zambarau ya vidonda, GV, bila kuipunguza kwa maji. Nilikuwa nimejaribu sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Haikutoka. Watoto wa shule waliokuja kupimwa asubuhi walinicheka hadi mwalimu wao akawatoa nje.

"Itatoka," nikasema.

"Jana Mama ameniuliza, 'Kama ni mchezo, mbona amebaki hivyo mpaka ametoka nje?' Alikuwa amekuona kwa stage ya matatu, Mahir. Nimjibu nini?"

"Basi naacha. Jumatano ijayo Sista atafute mtu mwingine."

Nilidhani atafurahi. Badala yake macho yake yalijaa machozi na hasira, vyote pamoja.

"Usithubutu! Unajua wiki jana yule Wamboi wa darasa letu ameokoa mtoto wadi ya watoto? Mtoto alinyamaza, kila mtu akafikiri amelala. Yeye akakumbuka wewe. Alikuja akilia, akasema angeachia huyo mtoto akufe kama hangekuona ukinyamaza. Na wewe unataka kuacha juu ya midomo?"

"Nataka kuacha juu yako, Nadira. Mimi bila Jumatano nitaishi. Bila wewe sijui."

Alichukua ile sketi mezani, akaipindisha vizuri kuliko nilivyokuwa nimefanya, akaiweka. Nilitamani kumshika mkono lakini mlango ulikuwa wazi na Ruiru nzima inapita.

"Mimi sitaki kuchagua," akasema polepole. "Ni mama yangu. Ako peke yake. Akikataa kabisa, Mahir, sitatoroka na wewe. Usinifikirie hivyo."

"Najua."

"Lakini nikimtii nitakuwa nakufa kila siku, sio Jumatano pekee kama wewe."

Akaondoka haraka ili nisimwone akilia, na mimi nilimwona. Usiulize sketi ile ilikwenda kwa nani. Nilishona mkono wa kushoto wa blauzi tatu mahali pa mkono wa kulia, nikafunga duka mapema, na kufikia jioni nilikuwa nimeamua. Mama yule alikuwa amenikagua nikiwa maiti. Haki ilikuwa anikague nikiwa hai.

*

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilibisha mlango wao Majengo. Kanzu safi, kofia niliyoshona mwenyewe, midomo bado ina zambarau kwenye kingo. Nadira alifungua, akashtuka, akaziba mdomo kwa mkono. Nyuma yake sauti ya kizee ikauliza, "Ni nani huyo? Ni ule mgonjwa?"

Alikuwa Bi Tausi, nyanya yake, aliyekuwa ametoka Ngoliba kwa ajili ya posa na akakataa kurudi hata posa ilipofutwa. Alikuwa uani kwenye kigoda, mbele ya jiko la makaa lililokuwa limekataa kushika moto.

"Mimi ndiye, Nyanya," nikasema. "Lakini si mgonjwa."

"Hiyo kila mgonjwa husema." Alinitazama juu hadi chini, jicho moja limefumba. "Kuja hapa. Unaona hii jiko? Makaa ni mbichi. Piga magoti, uwashe na pumzi yako. Usipeperushe na kitu. Mwenye kifua kibovu hawezi."

Mama Ruqayya alitokea mlangoni mwa jikoni, mikono imeshika leso. Hakusema nikaribie wala niondoke. Nikainua kanzu, nikapiga magoti, nikapuliza.

Ewe uliyewahi kupuliza makaa mbichi, unajua. Moshi uliniingia puani, machoni, nadhani hata kwenye kofia. Nilipuliza nikiwaza miaka hamsini ya ndoa. Nilipuliza mpaka majivu yakaniruka usoni, na kaa moja likawa jekundu, kisha la pili, na mwishowe moto ukapanda na Bi Tausi akapiga makofi mara mbili na kuweka sufuria ya chai juu yake.

"Wacha!" akasema. "Huyu ni mzima. Hata punda yangu ya Ngoliba haina kifua hii."

Nadira alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikageuka kwa Mama Ruqayya nikitabasamu, uso wote majivu. Yeye hakutabasamu.

"Baba Nadira pia aliwasha jiko," akasema. "Asubuhi ile ile. Akanipikia chai."

Nilikuwa nikijua baba alikufa Nadira akiwa na miaka kumi na miwili. Nadira aliwahi kuniambia "kifua," neno moja tu, na sikuwa nimeuliza zaidi.

"Mwanangu, sina ubaya na wewe," Mama Ruqayya akaendelea, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. "Lakini usinidanganye. Mtu hawezi kuigiza kile kitu. Ile mabega. Ile mkono kwa magoti. Vile ulikuwa unasema maneno mawili, unapumzika. Mimi nilikaa na hiyo miaka kumi na nne kwa nyumba yangu. Kama huna pumu, ulijifunza wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama Nadira. Alikuwa ameegemea ukuta, analia bila sauti.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Mimi ndiye nilimfundisha. Yeye hakujua ni ya nani."

"Ulimfundisha nini?"

"Baba. Vile alikuwa anakaa. Vile alikuwa anashika magoti. Kila kitu nilikuwa nimeona kwa mlango, nikamwonyesha, ndio wengine wajue." Akapangusa uso. "Mama, ulipoingia kile chumba haukuona Mahir. Uliona Baba."

Mama Ruqayya alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye kizingiti. Bi Tausi alitaka kuinuka, Nadira akamtuliza kwa mkono. Miaka yote nimeshona nguo za watu nikidhani najua kuvaa ni nini. Miezi minane nilikuwa nimevaa mtu, na sikujua.

"Alinyamaza," Mama Ruqayya akasema, akiitazama leso yake. "Hiyo asubuhi, baada ya chai. Alikuwa amepiga mluzi usiku mzima, halafu akanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, amelala. Nikamfunika blanketi. Nikaenda kufua." Akainua macho. "Jumatano, Nadira, ulikuwa unapiga kelele, 'Hakuna afadhali.' Nimekuwa nikisikia hiyo maneno siku tatu."

"Mama, hakuna mtu alikuwa amekufundisha," Nadira akasema, akapiga magoti mbele yake. "Hata nesi wengi hawakuwa wanajua. Ndio maana niko huko."

Walishikana. Mimi nilitazama chai. Nilijua ni wakati wa kuaga, na miguu ilikataa. Mama Ruqayya alipenga pua, akasimama, akajifunga leso kiunoni kama anayekwenda kufua kweli.

"Nifundisheni," akasema.

"Nini, Mama?"

"Hiyo mnafundisha watu wengine. Nataka kujua ningefanya nini." Akaninyooshea kidole. "Wewe. Kaa hapo kwa kiti. Kuwa mgonjwa."

"Sasa hivi?"

"Kwani unangoja Jumatano?"

Nikaketi. Sijawahi kuogopa jukwaa kama nilivyoogopa kile kiti cha plastiki. Nilitaka kulegeza, nimhurumie, na Nadira akaniona nikitaka.

"Mahir," akasema kwa upole. "Kama kawaida. Usimpunguzie."

Basi nikapandisha mabega. Nikashika magoti. Nikaanza kupiga mluzi kifuani. Mama Ruqayya alisimama hatua tatu mbali, mikono hewani, hajui aiweke wapi.

"Anataka kulala, Mama. Umwache?"

"Alale kidogo, apumzike..."

"Hapana. Akilala ndio anakosa zaidi. Mshike akae, ainamie mbele."

"Nimshike?" Aliniangalia, akamwangalia mama yake. "Huyu ni mkwe! Mkwe hashikwi!"

"Si ulisema umekataa posa?" Bi Tausi akauliza toka kigodani. "Basi si mkwe. Shika!"

"Kwa mgonjwa hakuna ukwe, Mama," Nadira akasema.

Na mikono yake ikanishika mabega. Ilikuwa mikono migumu ya kufua, na ilinishika sawasawa. Alinikalisha wima, akanisogeza mbele, akanifungua kifungo cha kanzu shingoni. Akaniuliza ilianza lini, nikamjibu maneno mawili. Akamfukuza Bi Tausi na jiko lake na moshi wake wote hadi upande wa pili wa ua, na Bi Tausi akaenda akinung'unika kwamba chai yenyewe ni ya mgonjwa. Nadira alikuwa akicheka na kulia. Nilipiga mluzi kwa bidii zote nilizojaliwa.

Kisha nikanyamaza.

Nilisikia maji ya chai yakichemka. Nilihisi mikono ya Mama Ruqayya ikisimama juu ya mabega yangu. Nadira hakumwambia kitu, hakumpa hata ishara. Nilihesabu moja, mbili, tatu, macho yamefumba, nikimwomba Mungu amsaidie, na nilikuwa namwombea yeye, si posa yangu.

"Hapana!" Mama Ruqayya akapiga ukelele uliotikisa mabati. "Hapana, hajalala! Hewa imeisha! Usifunike mtu! Waweru! Jirani wee, leta pikapu! Twende hospitali, haraka! Wewe kijana, usiniachie, unasikia? Fungua macho! Fungua macho, mwanangu!"

Nilifungua. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, umelowa machozi, na chini ya machozi nikaona kitu kikilegea ambacho nadhani kilikuwa kimekaza tangu asubuhi ile ya blanketi.

"Umemwokoa, Mama," Nadira akasema. "Umefanya yote. Angeishi."

"Angeishi," mama akarudia. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. "Angeishi, sindiyo?"

"Hata mimi nahisi vizuri sana," nikasema, na hapo akacheka. Alicheka akiwa bado amenishika mabega, akanitikisa kidogo, akacheka tena, na Bi Tausi akarudi mbio kuona ni kitu gani kinachekesha asichoonyeshwa.

Lango likagongwa kwa kishindo. Jirani yao Waweru akaingia na funguo mkononi, shati amevaa nje ndani, pikapu yake ikinguruma barabarani.

"Mama Nadira! Mgonjwa ako wapi?"

Mama Ruqayya alinitazama: majivu kwenye paji la uso, zambarau mdomoni, kanzu imefunguka shingo. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama bila kupumua.

"Hakuna mgonjwa hapa, Waweru," akasema, akinifunga kile kifungo cha shingo. "Zima gari, kuja unywe chai. Huyu ni mkwe wangu."